Magari yasiyo na dereva yalianzia ghalani

Wasomaji wangu, siku hizi ukitaja gari lisilo na dereva kila mtu anafikiria barabara. Kwa maoni yangu barabara ndiyo iliyochelewa. Magari haya yana umri wa miaka sabini hivi, na muda mwingi yamekuwa ndani ya maghala na viwanda yakivuta mizigo. Kwa vile kazi yangu ni kuandika programu, mimi huyatazama kwa swali moja: kati ya mashine na mfanyakazi, nani anamngoja mwenzake?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Barrett Electronics ya Illinois, Marekani, ilichukua trekta dogo la kuvuta mizigo ikaondoa dereva. Trekta lilifuata waya uliotundikwa juu ndani ya ghala la vyakula. Baadaye waya ukazikwa sakafuni. Ujanja wenyewe ni rahisi: unapitisha umeme kwenye waya, waya unazungukwa na uga wa sumaku, na koili mbili chini ya gari zinaupima. Koili ya kushoto ikipata nguvu zaidi, usukani unakata kushoto. Tarakilishi haikuhitajika. Lakini ukitaka kubadilisha njia, lazima upasue saruji!

Sasa twende Uswidi, kisa ninachokipenda kuliko vyote. Volvo ilikuwa na shida: vijana hawakutaka kazi ya kusimama mbele ya mkanda unaopita huku wakikaza boliti zilezile kutwa nzima. Walikuwa wakiacha kazi, na wengine hawafiki. Basi mwaka 1974 kampuni ikafungua kiwanda mjini Kalmar bila ule mkanda. Kila gari lililoundwa lilipanda juu ya kitoroli cha umeme kilichojiendesha kwa kufuata njia ya sakafuni, kikisimamiwa na tarakilishi kuu. Wafanyakazi walikuwa katika vikundi vya watu kama 15 hadi 20, kila kikundi na sehemu yake, mathalani nyaya za umeme. Kati ya kikundi na kikundi paliachwa nafasi ya vitoroli kusubiri, kwa hiyo watu waliweza kuharakisha kidogo kisha wakapumzika. Tena kitoroli kiliweza kulilaza gari ubavu, fundi akafanya kazi ya chini ya gari bila kuinua mikono juu ya kichwa. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1994.

Miaka ya 1990 magari haya yalitoka nje, yakabeba makontena bandarini Rotterdam kuanzia 1993. Hayo nitayaruka.

Mapinduzi ya maghala yalitokana na kuanguka kwa kampuni. Webvan, iliyouza vyakula kupitia mtandao, ilifilisika mwaka 2001. Mick Mountz, aliyefanya kazi huko, aliona gharama ya kuokota na kupanga bidhaa ilivyowaumiza. Mwaka 2003 akaanzisha Kiva Systems, akiwa na Peter Wurman na Raffaello D'Andrea. Wazo lao: mtu asiifuate rafu, rafu imfuate mtu. Roboti fupi inaingia chini ya rafu, inainyanyua, inaipeleka kwa mfanyakazi aliyesimama mahali pamoja. Njia inaisoma kwenye vibandiko vya msimbo sakafuni, kwa hiyo kubadilisha njia ni kazi ya programu tu. Halafu kuna jambo linalonifurahisha kama mwandishi wa programu: rafu yenye bidhaa zinazoitishwa sana husogezwa karibu, isiyotakiwa husukumwa nyuma, bila mtu kupanga. Amazon ilinunua Kiva mwaka 2012 kwa dola milioni 775, ikaacha kuwauzia wengine.

Lakini tazama swali langu lilivyogeuka. Kalmar kitoroli kilimngoja mtu. Hapa rafu zimepiga foleni mbele yake, na miguu iliyokuwa ikipumzisha mikono haitembei tena. Mwaka 2020 waandishi wa Reveal huko Marekani walichapisha takwimu za ndani za Amazon: maghala yenye roboti yalikuwa na majeruhi wengi zaidi wa kiwango kikubwa kuliko yasiyo nazo. Mfanyakazi aliyekuwa akiokota kama vitu 100 kwa saa alitarajiwa kufikisha 300 na zaidi. Amazon ilikanusha kuwa roboti ndizo chanzo. Mimi naamini wanasema kweli nusu: roboti haijui 300 ni nini. Namba hiyo kuna mtu aliyeiandika mahali fulani, kama mimi ninavyoandika namba zangu.

Katikati ya mwaka 2025 Amazon ilitangaza imefikisha roboti milioni moja. Miezi kama miwili kabla ilikuwa imeonyesha Vulcan, roboti yenye hisia ya kugusa, ambayo hupewa safu za juu kabisa na za chini kabisa za rafu, ili mtu asipande ngazi wala kuinama.