Rafiki: Filamu ya Mabinti Wawili Iliyogombewa Mwisho Wake

Leo tuweke pembeni habari za nani kaachana na nani. Tuna stori ya historia, na ni nzito kidogo, kwa hiyo vuta kiti.

Ni stori ya filamu ya mapenzi ya wasichana wawili. Mwezi Aprili 2018 ilipigwa marufuku kwao Kenya. Mwezi Mei ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuingia kwenye orodha rasmi ya tamasha lile. Septemba mwaka huohuo jaji akairuhusu nyumbani kwa siku 7 tu. Jina lake ni Rafiki.

Wengi tunaifahamu kwa ile marufuku. Mtu akiisikia anadhani ilifungiwa kwa sababu ya mambo ya chumbani. Mambo hayo hayamo, watu wanashikana mikono, wanacheka, wanabusiana, basi. Kilichogombewa zaidi ni dakika za mwisho. Ili tuelewane, inabidi turudi nyuma, mpaka Kampala.

Chini ya mzambarau

Mwaka 2007 mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, alishinda Tuzo ya Caine, ile inayotolewa kwa hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika. Alikuwa Mganda wa kwanza kuinyakua. Hadithi yake inaitwa "Jambula Tree". Jambula ndiyo hii zambarau yetu, inayopaka watoto ulimi rangi na kuharibu sare za shule.

Ndani yake kuna Anyango na Sanyu, wasichana wa mtaa mmoja wanaopendana. Kuna jirani mmoja, Mama Atim, ambaye macho yake hayalali na mdomo wake haupumziki. Mabinti wanakutwa usiku chini ya mti, habari inasambaa, na Sanyu anapelekwa London. Hadithi yote ni kama barua ya Anyango kwa mwenzake aliye mbali.

Hiyo ndiyo mbegu. Mwongozaji wa Kenya, Wanuri Kahiu, akaichukua. Kahiu hakuwa mgeni kwenye kazi. Filamu yake ya From a Whisper, kuhusu bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998 (siku ileile Dar nasi tulipolia), ilimpa tuzo ya mwongozaji bora kwenye Africa Movie Academy Awards mwaka 2009. Akafuata na Pumzi, filamu fupi ya dunia ijayo isiyo na maji.

Kwanza walificha majina

Kabla Rafiki haijatoka, kuna watu waliopita njia hiyo, na walipita gizani.

Mwaka 2014 kundi la wasanii wa Nairobi liitwalo The Nest lilitoa filamu ya Stories of Our Lives. Ni hadithi tano, rangi nyeusi na nyeupe, zilizotokana na simulizi walizokusanya kutoka kwa Wakenya wanaopenda watu wa jinsia yao. Waliosimulia hawakutajwa. Hadithi ya kwanza ni ya wasichana wawili wa shule.

Ila angalia hili: hata waliotengeneza walianza kwa kuficha majina yao. Filamu ilitangazwa kwenda kwenye tamasha la Toronto bila kusema nani kaongoza na nani katayarisha. Fikiria msanii anapata nafasi ambayo wenzake wanaiota, halafu anaogopa kusema "ni mimi". Walipofika kule ndipo baadhi wakajitaja, akiwemo mwongozaji Jim Chuchu na mtayarishaji George Gachara.

Hofu yao haikuwa ya bure. Oktoba 2014 bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku, na Gachara akakamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila kibali. Baadaye mashtaka yakaondolewa. Lakini ujumbe ulikuwa umefika kwa kila mtu mwenye kamera.

Kwa hiyo miaka minne baadaye, Kahiu na waigizaji wake walipoweka majina yao kamili kwenye bango, walijua wanachokifanya.

Kena na Ziki

Sasa filamu yenyewe. Kena ameigizwa na Samantha Mugatsia, Ziki na Sheila Munyiva. Baba zao wanagombea kiti kimoja cha udiwani, kwa hiyo nyumba hizi mbili zina vita tayari kabla mapenzi hayajaingia. Kena ni mpole, anacheza mpira na vijana wa mtaani, ana duka la baba la kusaidia. Ziki nywele zake za rangirangi, anacheza dansi barabarani na mashoga zake, anataka kwenda mbali.

Kena ana ndoto ya kuwa nesi. Ziki anamuuliza kwa nini asiwe daktari kabisa, kwa alama hizo alizonazo. Kwangu mimi hapo ndipo mapenzi yao yanapoanza. Kabla hawajagusana, mmoja ameshamwona mwenzake mkubwa kuliko alivyojiona mwenyewe.

Mama Atim yupo pia, safari hii na kibanda chake cha chakula. Kila mtaa wa Afrika Mashariki unaye wake, hapa kwetu pia tunao, msijifanye hamuwajui. Yeye na binti yake ndio wanaofuatilia mpaka siri inatoka. Wasichana wanapigwa na kundi la watu. Kuna maombi ya kumtoa Kena pepo. Ziki anasafirishwa London.

Kama hujaitazama na hutaki kusimuliwa, ruka aya inayofuata.

Miaka inapita. Kena sasa yuko hospitalini, anatibu watu. Mama Atim mwenyewe analetwa kwake akiwa mgonjwa. Na kwenye picha ya mwisho Kena yuko mahali pao pa zamani, sauti ya Ziki inamwita, mkono unatua begani. Filamu inaishia hapo. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyetubu, hakuna aliyeolewa kwa lazima.

Kisa ni mwisho huo

Kahiu alieleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho. Kwa maelezo yake, ulionekana una matumaini kupita kiasi. Kena alitakiwa aonekane anajuta. Alikataa. Bodi, iliyokuwa chini ya Ezekiel Mutua, ikatangaza marufuku kwa hoja kwamba filamu inahamasisha mapenzi ya wanawake kinyume cha sheria na maadili ya Kenya, na ikaonya hata anayekutwa nayo.

Hebu tulitafakari hilo taratibu. Mabinti wale wale, busu lile lile, mtaa ule ule. Kama Kena angelia mwishoni na kuomba radhi, pengine filamu ingepita. Maana yake ni kwamba kuwaonyesha halikuwa tatizo lote. Tatizo lilikuwa kuwaacha watoke salama.

Na Kahiu alikuwa na msimamo wa siku nyingi kuhusu jambo hili. Ana neno lake, Afrobubblegum, yaani sanaa ya Kiafrika yenye furaha, rangi na utani. Hoja yake ni kwamba Mwafrika kwenye filamu amechoka kuonyeshwa vita, njaa na maradhi tu. Naye apewe haki ya kucheka na kupendwa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia aondoe furaha mwishoni, umemwambia aondoe filamu nzima.

Halafu kuna suala la sheria iliyotumika. Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani ya Kenya ilitungwa mwaka 1962, Waingereza wakiwa bado hawajafunga mizigo. Na vifungu vya kanuni ya adhabu kuhusu mapenzi ya jinsia moja navyo vina asili ya ukoloni huohuo. Wanaosema Rafiki ni utamaduni wa kuletwa wana haki ya kusema, ila rungu lililoipiga nalo lilikuja na meli.

Siku saba

Kahiu akaenda mahakamani. Alitaka filamu ifikiriwe kwa tuzo za Oscar, na kanuni za wakati ule zilidai iwe imeonyeshwa nyumbani angalau siku 7 mfululizo kabla mwezi wa tisa haujaisha. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany akasimamisha marufuku kwa siku hizo, kwa watu wazima pekee. Kwa ufupi alisema haamini kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha kutikiswa misingi yake kwa kutazama filamu.

Nairobi ikalipuka. Foleni, tiketi zikaisha, maonyesho yakaongezwa. Hawa waliopanga foleni ndio hasa ninaowafikiria. Hatuna majina yao. Wapo walioenda kwa udaku, wapo walioenda kuunga mkono sinema ya nyumbani, na lazima walikuwepo ambao kwa mara ya kwanza walikaa kwenye kiti cha sinema, gizani, wakaona maisha yao kwa lugha yao ya Kiswahili na Sheng, pamoja na watu mia na kitu, na wakatoka nje bila kupigwa.

Siku saba zikaisha, marufuku ikarudi. Tiketi ya Kenya ya Oscar ikaenda kwa filamu nyingine nzuri, Supa Modo. Mwaka 2019 Samantha Mugatsia akachukua tuzo ya mwigizaji bora wa kike FESPACO, kule Burkina Faso. Aprili 2020 Mahakama Kuu, safari hii mbele ya jaji mwingine, ikakataa kuifuta marufuku. Yaani dada yetu alituzwa Ouagadougou kwa kazi ambayo jirani yake Nairobi hakuruhusiwa kuitazama.

Na sisi huku pwani?

Msije mkaniambia hayo ni ya Wakenya. Sisi tuna sheria yetu ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 na Bodi yetu ya Filamu. Kanuni yetu ya adhabu ni kali kuliko yao, na Zanzibar mwaka 2004 waliwaandika wanawake waziwazi kwenye sheria. Hakuna mtu wa Bongo Movie asiyejua mstari uko wapi.

Lakini kabla ya sheria kuna mazoea. Bagamoyo ni mji wa sanaa, chuo chetu kipo tangu 1981, na sasa tunakiita TaSUBa. Vijana wengi wa hapa wamekulia kwenye ngano, na ngano zetu tunazijua: binti asiyesikia analiwa na zimwi, anayekataa wachumba wote anaolewa na joka. Bongo Movie ikaurithi utaratibu huo. Msichana akikosea kwenye dakika ya ishirini, ukifika mwisho lazima alipe, kisha tunaandikiwa funzo. Tumezoea kiasi kwamba filamu isipoadhibu tunahisi haijaisha.

Kisha tazama maneno. Mwanamke wa pwani akisema "shoga yangu", anamaanisha msiri wake, anayemsuka, anayemwachia mtoto, anayejua la moyoni. Vijana wa leo wamelichukua neno hilohilo wakalifanya tusi kwa wanaume. Wakati huohuo Kahiu aliita filamu yake Rafiki kwa sababu, alivyoeleza, wapenzi wa aina hii Kenya wakitambulishana mbele za watu husema tu "huyu ni rafiki yangu". Neno moja la heshima linabeba mzigo wote, na anayesikia anaamua mwenyewe asikie nini.

Najua wapo wasomaji wangu ambao dini na malezi yao vinawaambia jambo hili ni kosa, na hawatabadilika kwa filamu. Sijaandika ili nimwamulie mtu imani yake. Naandika kwa sababu hii ni sehemu ya historia ya sinema yetu ya Afrika Mashariki, na watu wameilipia kwa polisi, mahakama na majina yao. Hadithi ya kwanza ilimalizika kwa barua ya mtu aliyeachwa. Filamu ya pili ilitoka bila majina. Ya tatu ilitoka na majina na mkono begani, na mkono ule ndio waliotaka ukatwe.

Swali langu kwenu, hasa nyie mnaosomea uigizaji na mnaoandika miswada: ungepewa ya Kena au Ziki, na ukaambiwa itapita ukikubali kulia na kutubu kwenye picha ya mwisho, ungesaini? Semeni ukweli, na bila matusi tafadhali.