Kiunzi nyumbufu: maana yake, na timu ndogo inayokifaa

Kiunzi nyumbufu ni utaratibu wa kutengeneza programu za kompyuta kwa vipande vidogo: kila kipande humfikia mtumiaji, yeye hukijaribu, na aliyoyaona ndiyo huamua kipande kinachofuata. Waundaji programu wengi wa Afrika Mashariki husema tu ajaili, kutoka Kiingereza agile. Neno hilo lilipata maana yake ya sasa Februari 2001, pale wataalamu 17 walipokutana Snowbird, jimboni Utah, Marekani, wakatoa ilani yenye tunu 4 na kanuni 12. Ilani inathamini watu kuliko taratibu na zana, programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nene, ushirikiano na mteja kuliko kubishania mkataba, na kuitikia mabadiliko kuliko kung’ang’ania mpango.

Tafsiri ya ajaili inayokuja upesi ni wepesi, na inapotosha. Msikilizaji hufahamu kasi: kazi itaisha mapema, kwa gharama ndogo. Katika tunu zile nne kasi haitajwi. Kinachotafutwa ni uwezo wa kugeuka mapema, kabla gharama ya kugeuka haijawa kubwa. Nyumbufu, kutokana na kitenzi nyumbua, inaibeba maana hiyo vizuri zaidi. Aliyesoma sarufi anaujua mnyumbuliko wa vitenzi: pika, pikia, pikwa, pikiana, umbo hubadilika kwa haja ya sentensi, mzizi ukabaki. Kiunzi nacho ni neno ambalo wanazuoni wamelizoea katika kiunzi cha nadharia. Uchaguzi huu wa maneno una uzito, kwa sababu timu inayoamini kuwa imenunua kasi itakiacha kiunzi mwezi wa pili, ikidhani kimeshindwa.

Kiunzi kinachojulikana zaidi ni skramu, ambacho Ken Schwaber na Jeff Sutherland walikiwasilisha hadharani mwaka 1995. Jina limetoka katika mchezo wa raga, kupitia makala ya Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka ya mwaka 1986. Kazi hugawanywa katika mizunguko isiyozidi mwezi mmoja. Msimamizi wa bidhaa hupanga orodha ya kazi kwa umuhimu, mlezi wa skramu hulinda utaratibu, na waundaji huunda. Kanbani, iliyozaliwa katika viwanda vya Toyota nchini Japani, haina mizunguko wala vyeo. Ina ubao unaoonyesha kazi zote na kikomo cha kazi zinazoruhusiwa kuwa mkononi kwa wakati mmoja.

Tuseme watu watatu wanatengeneza programu ya kuandika mizigo ya matoke ambayo wanunuzi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi, hukusanya kwa wakulima wa Masha, wilayani Isingiro, Uganda. Wawili wako Mbarara, mmoja anaishi Nakivale, na wote wana kibarua kingine nusu ya siku. Je, skramu inawafaa? Mwongozo wake wa mwaka 2020 unasema timu kwa kawaida ni watu 10 au pungufu. Ule wa 2017 ulitaka waundaji 3 hadi 9. Kwa idadi, basi, wanakubalika. Saa ndizo ngumu. Mwongozo unaweka ukomo wa saa 8 za kupanga, 4 za kuonyesha kazi na 3 za kujitathmini kwa mzunguko wa mwezi. Ukomo huo ukipunguzwa kwa uwiano, mzunguko wa wiki mbili unapata saa 4, 2 na saa moja na nusu. Kikao cha kila siku cha dakika 15, kwa siku kumi za kazi, huongeza saa mbili na nusu. Jumla ni saa 10. Kwa mwenye saa 80 za kazi katika wiki hizo mbili ni sehemu moja ya nane. Kwa mwenye saa 40 ni robo nzima ya muda wake. Ni kweli kwamba hizo ni dari na timu ndogo hutumia pungufu, lakini hesabu hii ifanywe kabla ya kuanza.

Vyeo navyo huingiliana. Kati ya watatu, mlezi wa skramu atakuwa pia muundaji, na msimamizi wa bidhaa huenda akawa ndiye huyo huyo. Hapo ni bora kuacha vyeo na kubaki na vitu vitatu: orodha moja iliyopangwa, siku ya kumwonyesha mtumiaji kazi, na kikao cha kujitathmini. Timu hiyo isiite kazi yake skramu, kwa kuwa mwongozo wenyewe unakataa jina hilo kwa utaratibu uliokatwa vipande. Haipotezi kitu kwa kukosa jina.

Kinachoamua zaidi ni ukaribu wa mtumiaji. Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ina watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na Ethiopia. Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Kisomali husikika soko moja, na Kinyankore kwa majirani. Fomu iliyoeleweka ofisini Mbarara inaweza kumshinda mnunuzi wa matoke wa Juru au Rubondo, sehemu za makazi hayo, na hakuna mpango wa mezani utakaoligundua hilo. Mwenzao anayeishi makazini anaweza kuonyesha kipande kipya kila wiki bila nauli. Hiyo ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kuchagua unyumbufu. Kikao cha mtandaoni, hata hivyo, kisiwe nguzo: intaneti ya Uganda ilizimwa siku kadhaa kuanzia Januari 13, 2021, wakati wa uchaguzi. Ubao wa kanbani wa karatasi ukutani ungeendelea.

Kazi nyingine hazihitaji haya. Kupeleka takwimu za kliniki katika DHIS2, mfumo wa taarifa unaotumiwa na Wizara ya Afya ya Uganda, kunafuata fomu zilizokwisha kuamuliwa. Mpango ulioandikwa mwanzo unatosha. Mfadhili aliyefunga mkataba kwa orodha ya mambo ya kukabidhi naye huzuia kugeuka, isipokuwa mkataba uruhusu orodha kupangwa upya.

Timu isiyo na hakika ifanye mizunguko minne ya wiki mbili, na kila baada ya maonyesho iandike ni kazi gani zimeongezwa, zimefutwa au zimesogezwa juu. Orodha ikibaki vile vile mara zote nne, ama mahitaji yalijulikana tangu mwanzo, ama anayeonyeshwa kazi siye atakayeitumia. La kwanza linaruhusu kurudi kwenye mpango wa kawaida. La pili linataka mtu mwingine aitwe kwenye maonyesho yajayo.