Uzazi wa mpango baada ya kujifungua: Nia pekee haitoshi

MAMA mjamzito akiulizwa kliniki kama angependa kupumzika kabla ya kubeba mimba nyingine, mara nyingi hujibu ndiyo. Tatizo hujitokeza baadaye, pale nia hiyo inapopotea kati ya wodi ya wazazi, arobaini na majukumu ya kulea.

Mwaka 2013, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza, kwa kurejea takwimu za nchi 27, kuwa asilimia 95 ya wanawake waliokuwa ndani ya mwaka mmoja tangu kujifungua hawakutaka mimba nyingine katika miezi 24 iliyofuata. Hata hivyo, asilimia 70 kati yao hawakuwa wakitumia njia yoyote ya kuzuia mimba.

Kwa mujibu wa WHO, mama anashauriwa kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua mtoto hai kabla ya kushika mimba nyingine. Mimba za karibu karibu huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, na mama hukosa muda wa kurejesha afya na damu aliyopoteza.

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya, wakati asilimia 31 tu ya wanawake walioolewa walikuwa wakitumia njia za kisasa. Maana yake ni kwamba wengi hufika mbele ya mkunga, lakini huondoka bila njia.

Sababu mojawapo ni imani kwamba mama asiyeona hedhi hawezi kupata mimba. Ukweli ni kuwa yai huweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi. Kwa asiyenyonyesha, hali hiyo yaweza kutokea ndani ya mwezi mmoja.

Kunyonyesha nako hukinga kwa zaidi ya asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto awe chini ya miezi sita, anyonye maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi iwe haijarudi. Sharti moja likivunjika, mama anahitaji njia nyingine bila kuchelewa.

Kitanzi huweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, hata mara tu kondo la nyuma linapotoka. Muda huo ukipita, husubiriwa wiki nne. Vipandikizi na vidonge vya homoni moja huweza kuanza mapema hata kwa anayenyonyesha. Kwa mama huyo, sindano husubiri wiki sita, na vidonge vya homoni mbili miezi sita. Kufunga kizazi hufanyika ndani ya siku saba au baada ya wiki sita, kwa walioridhika na idadi ya watoto. Kondomu hutumika wakati wowote, na hukinga pia magonjwa ya zinaa.

Ndiyo maana mazungumzo hayapaswi kusubiri uchungu uanze. Anayetaka kitanzi wodini anahitaji kuamua mapema, uamuzi wake uandikwe kwenye kadi ya kliniki na mkunga wa zamu aukute.

Aidha, mume ana nafasi kubwa. Katika jamii nyingi baba hulaumiwa kwa "kumbemenda" mtoto iwapo mama atashika mimba akiwa ananyonyesha, ilhali baba huyo huyo hakushirikishwa kliniki njia zilipokuwa zikielezwa. Hofu kwamba kitanzi hupotea tumboni au vipandikizi huleta ugumba hujibiwa vyema wenzi wote wawili wakiwa mbele ya mtaalamu.

Hata hivyo, uamuzi wa mwisho ni wa mama mwenyewe. Anayo haki ya kuchagua, kubadili njia au kukataa, na huduma ya kujifungua isiwe kisingizio cha kumlazimisha.