Munganga Vincas Kudirka na Wimbo wa Taifa Lake

Mara nyingi watu huuliza: kijana akitoka seminari, je, amepotea? Historia ya Lituania, taifa dogo la Ulaya, yatupa jibu.

Vincas Kudirka alizaliwa mwaka 1858 katika kijiji cha Paežeriai. Baba yake, mkulima, alitaka mwanawe awe padri. Mwaka 1877 kijana akaingia seminari ya Sejny. Baada ya miaka miwili wakubwa wakamrudisha kwao, wakisema hana wito. Mwaka 1881 akaenda Warszawa, na huko akasoma kazi ya uganga.

Siku zile Lituania ilitawaliwa na Kaisari wa Urusi. Baada ya maasi ya mwaka 1863, serkali ilikataza kuchapa vitabu vya Kilituania kwa herufi za Kilatini, hata vitabu vya sala. Askofu Motiejus Valančius hakukubali. Aliagiza vitabu vichapwe ng'ambo ya mpaka, katika Prusia, na watu wakavibeba kwa siri. Wengi walikamatwa, wengine wakapelekwa Siberia. Katazo hilo lilidumu hata mwaka 1904.

Kudirka mwenyewe, kama wenye masomo wengi wa wakati ule, aliona haya juu ya lugha ya kwao, akajifanya Mpolonia. Mwaka 1883 alipata gazeti Aušra, lililoanzishwa na Jonas Basanavičius, naye pia munganga. Alilisoma, akalia machozi, akajitambua kuwa Mlituania. Tangu mwaka 1889 akaongoza gazeti Varpas, maana yake «Kengele». Katika mji mdogo wa Šakiai aliponya wagonjwa, na pamoja na kazi hiyo aliandika mambo ya siasa, akiwacheka wakubwa wa serkali walioonea watu.

Tusifiche neno moja: mapadri wengi hawakupatana na Varpas, kwani waliona linawavuta watu mbali na Eklezya. Lakini hawakukaa kulalamika tu. Mwaka 1896 mapadri walianzisha gazeti lao, Tėvynės sargas, nao wakaitetea lugha ileile. Hivi pande mbili zilizobishana zilijenga nyumba moja.

Kudirka alipenda muziki tangu ujana wake, akipiga violini. Alitengeneza nyimbo za wakulima ziimbwe kwa sauti nyingi. Mwaka 1898, akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, alichapa katika Varpas maneno na sauti za wimbo Tautiška giesmė. Alikufa mwaka 1899, mwenye miaka 40. Lituania ilipata uhuru mwaka 1918, na mwaka uliofuata wimbo huo ukawa wimbo wa taifa. Watawala wa Kisovieti waliukataza. Mwaka 1988 ukaimbwa tena waziwazi, na hata leo waimbwa.

Na sisi je? Wakubwa wa Sejny walisema kwamba Kudirka hana wito wa upadri. Hawakusema kwamba Mungu hana kazi naye. Basi, tukimwona mwenzetu akirudi kwao na sanduku lake, tusimcheke wala tusimsahau. Tena, padri anayeona haya kuhubiri kwa lugha ya bibi yake, atawaambiaje wazee kwamba Neno alikaa kwetu? Wale waliobeba vitabu vya sala usiku walijua kwamba mtu husali vema kwa maneno aliyofundishwa na mama yake.