Kuku Aliyejeruhiwa: Mambo ya Kuzingatia kwa Wafugaji wa Nachingwea na Ruangwa

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kuku wa asili ni akiba iliyo karibu zaidi na mlango wa nyumba. Fedha za ufuta na korosho huja kwa msimu, lakini kuku huweza kuuzwa siku yoyote mtoto anapohitaji daftari au mgonjwa anapohitaji nauli ya kwenda kituo cha afya. Kwa kaya yenye mitetea watano au sita, kumpoteza mmoja kwa kucha za mwewe au meno ya kicheche ni kupoteza mayai, vifaranga na fedha ya dharura kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, si kila kuku anayechechemea amejeruhiwa. Kosa linaloweza kuteketeza kundi zima ni kumdhania kuku mwenye ugonjwa wa kideri, ambao pia huitwa mdondo, kuwa amepigwa au amekanyagwa, kisha kumwacha alale na wenzake. Kwa sababu hiyo, huduma ya kwanza huanza kwa uchunguzi.

Kutofautisha jeraha na ugonjwa

Kuku aliyejeruhiwa huwa na alama inayoonekana au kushikika: ngozi iliyochanika, damu, mfupa uliovunjika, au uvimbe upande mmoja wa mwili. Mara nyingi hubaki na macho maangavu na hunywa maji akisogezewa.

Kuku mwenye kideri huweza kupinda shingo, kutetemeka, kupooza mguu au bawa, kuhema kwa shida na kuharisha kinyesi cha kijani bila kuwa na kidonda chochote. Iwapo kuku wawili au zaidi wanaonesha dalili hizo katika muda mfupi, au vifo vya ghafla vimeanza kusikika kwa majirani, mfugaji achukulie kuwa ni ugonjwa na amwarifu afisa mifugo wa kata au kijiji siku hiyo hiyo. Kideri hakina dawa ya kukitibu. Maji ya mwarobaini, shubiri au vidonge vya binadamu, vikiwemo vile vya rangi mbili, haviui virusi vya ugonjwa huo.

Huduma ya kwanza kwa majeruhi

Hatua ya kwanza ni kumtenga. Kuku huvutiwa na rangi nyekundu ya damu, na kidonda kidogo hudonolewa na wenzake hadi kuwa shimo. Tenga au boksi lenye matundu ya hewa, lililotandikwa nyasi kavu na kuwekwa kivulini mahali patulivu, latosha. Mwanga hafifu humtuliza kuku aliyeshtuka. Maji na chakula viwekwe karibu na mdomo wake.

Damu ikiendelea kutoka, kidonda kibanwe kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa bila kukiachia. Ikishakoma, manyoya yaliyo pembezoni mwa kidonda yapunguzwe kwa mkasi, kisha kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa kinatosha. Baada ya hapo kipakwe dawa ya iodini inayopatikana katika maduka ya dawa. Usafi huo urudiwe mara moja au mbili kila siku hadi kidonda kikauke. Mafuta ya taa, majivu ya moto na maji ya betri havifai, kwa kuwa huunguza nyama iliyo hai na kuchelewesha kupona.

Nzi ni adui wa pili. Katika siku za joto hutaga mayai kidondoni, na funza huweza kuonekana ndani ya siku moja au mbili. Kidonda kikaguliwe asubuhi na jioni, hasa kilicho karibu na mkia. Funza wakionekana, waondolewe wote na kidonda kioshwe upya.

Bawa lililovunjika hukunjwa katika hali yake ya kawaida na kufungwa mwilini kwa kitambaa laini, kisilegee wala kuzuia kupumua. Mguu hufungwa kwa vijiti viwili vyepesi vilivyozungushiwa pamba. Mfupa huhitaji takriban wiki tatu kuunga. Vidole vikivimba au kupoa, kitambaa kimekaza na kifunguliwe mara moja.

Jeraha lililofika ndani ya tumbo, mfupa uliotokeza nje, au kidonda kinachonuka baada ya siku mbili vinahitaji mtaalamu. Dawa za antibiotiki zitolewe kwa ushauri wake, na mayai au nyama ya kuku aliyetibiwa visiliwe wala kuuzwa hadi muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa upite. Pale ambapo hakuna matumaini ya kupona, kumchinja kuku mapema ni huruma. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza kumwacha mnyama ateseke bila sababu.

Kuku aliyeng'atwa na mbwa asiyejulikana asishikwe kwa mikono mitupu, na nyama yake isiliwe. Mate ya mbwa mwenye kichaa yakigusa mchubuko wa mtu, mahali hapo paoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende kituo cha afya bila kuchelewa.

Kulinda kundi dogo

Majeraha mengi yanazuilika. Banda lililoinuliwa kutoka ardhini, lenye mlango unaofungwa kabla ya giza na matundu yaliyozibwa kwa wavu imara, huwakinga kuku dhidi ya vicheche, nguchiro, paka pori na nyoka. Kuku wanne hadi watano kwa mita moja ya mraba hulala bila kubanana, na msongamano ukipungua kudonoana nako hupungua. Jogoo mmoja hutosha mitetea hadi kumi. Majogoo wanapozidi, mitetea huchanwa migongo na majogoo wenyewe hujeruhiana.

Vifaranga ndio mawindo rahisi ya mwewe. Kuwaweka chini ya tenga pamoja na mama yao katika wiki tatu hadi nne za mwanzo huokoa wengi. Chakula cha ziada si lazima kitoke mbali: pumba za mahindi, mashudu ya ufuta, mchwa na dagaa waliosagwa hupatikana katika mazingira ya wilaya hizi. Wakati wa kupulizia mikorosho, kuku wazuiwe kuingia shambani, na makopo ya viuatilifu yasigeuzwe vyombo vya kuwanyweshea maji.

Kuku mgeni, awe wa gulioni au wa zawadi, atengwe kwa siku 14 kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Majeruhi aliyepona arudishwe jioni wenzake wanapolala, na kidonda kiwe kimefunga kabisa.

Chanjo haisubiri dalili

Chanjo ya kideri aina ya I-2, inayozalishwa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), hutolewa kwa tone moja katika jicho la kila kuku na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Hustahimili joto kuliko chanjo za kawaida, jambo linaloifaa kwa vijiji visivyo na majokofu, ingawa isianikwe juani. Hupewa kuku wenye afya pekee, na kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka. Kwa kuwa milipuko mingi huja katika miezi ya joto kabla ya mvua, ambazo kusini huanza kati ya Novemba na Desemba, kundi linapaswa kuwa limechanjwa mapema kabla ya miezi hiyo.

Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Juni 2025 wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, inajumuisha chanjo ya kuku. Ratiba ya kila kijiji hupatikana kwa afisa mifugo wa kata au katika ofisi ya halmashauri.

Ugonjwa unapoingia, wapo wanaokimbilia kuuza kuku waliobaki. Uuzaji huo hubeba virusi hadi kijiji cha pili na kurudisha hasara kwa ndugu na jirani. Mizoga ichomwe au ifukiwe katika shimo refu, isitupwe kichakani wala kupewa mbwa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003 inamtaka mfugaji kutoa taarifa za magonjwa ya aina hiyo, na taarifa ya mapema humpa mtaalamu nafasi ya kuwachanja kuku wa jirani ambao bado hawajafikiwa na ugonjwa.