fsck

fsck ni programu ya mstari wa amri inayotumika kukagua na kurekebisha mfumo wa faili katika mifumo ya uendeshaji ya jamii ya Unix, kama vile Linux na FreeBSD.

Historia

Mifumo ya kwanza ya Unix ilikuwa na programu ndogondogo za ukaguzi, zikiwemo icheck na dcheck. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Ted Kowalski aliandika fsck, iliyounganisha kazi hizo. Baadaye Marshall Kirk McKusick aliiboresha kwa ajili ya BSD.

Sababu za kuitumia

Umeme ukikatika ghafla, kompyuta inaweza kuzimika kabla haijamaliza kuandika taarifa kwenye diski. Hapo saraka huweza kutaja faili ambalo halipo, au nafasi iliyotumika kuonekana kuwa tupu. Mifumo ya faili kama ext4 huandika mabadiliko kwanza katika daftari maalumu, hivyo makosa mengi hurekebishwa haraka kompyuta inapowashwa. Hata hivyo daftari hilo halizuii uharibifu unaotokana na diski mbovu.

Matumizi

Programu hii huhitaji mamlaka ya mtumiaji mkuu. Sehemu ya diski inayokaguliwa inapaswa kwanza kutenganishwa na mfumo, kwa mfano:

umount /dev/sdb1
fsck -n /dev/sdb1
fsck /dev/sdb1

Chaguo la -n huonyesha makosa bila kubadili chochote. Chaguo la -y hukubali kila rekebisho bila kuuliza. Kurekebisha sehemu ambayo bado inatumika ni hatari, kwa sababu fsck na mfumo wa uendeshaji huandika mahali pamoja bila kujuana, na mafaili mazima yanaweza kuharibika. Kwa sehemu yenye mfumo wenyewe, ukaguzi hufanyika wakati wa kuwasha, au kompyuta huwashwa kwa kutumia diski mweko yenye Linux.

Kwenye ext4 ukaguzi hupita hatua 5: kumbukumbu za kila faili, muundo wa saraka, muunganiko wa saraka, hesabu ya viungo, na hesabu ya nafasi. Mafaili yaliyopoteza majina yao huwekwa katika saraka ya lost+found, yakiitwa kwa namba.

Mwishoni fsck hutoa namba ya matokeo: 0 ni hakuna kosa, 1 ni makosa yamerekebishwa, na 4 ni makosa yamebaki.

Mipaka

fsck hurekebisha mpangilio wa mfumo wa faili, si yaliyomo ndani ya mafaili. Inaweza hata kufuta sehemu zisizoeleweka ili mpangilio uwe sahihi. Kwa hiyo, diski ikionyesha dalili za kufa, data hunakiliwa kwanza mahali pengine kabla ya kuanza matengenezo. Kwa mfumo wa faili wa XFS hutumika xfs_repair badala yake.