Ukoo wa Pool wa Ufilipino, kutoka Lucky 13 hadi Jeddah

Efren Reyes alizaliwa mwaka 1954 katika jimbo la Pampanga, Ufilipino. Alipofika miaka mitano alipelekwa Manila kwa jamaa yake aliyemiliki ukumbi wa pool ulioitwa Lucky 13. Mtoto akawa mtumishi wa ukumbi, na usiku wateja wakishaondoka, meza ndiyo ilikuwa kitanda chake. Kwa kuwa kimo hakikutosha, alipoanza kucheza alisimama juu ya makreti ya Coca-Cola, akiyasogeza kila mpira mweupe ulipohamia. Wenyeji wakampa jina la utani la Mtoto, ili asichanganywe na Efren mwingine aliyemzidi umri.

Darasa lilikuwa kali. Wafilipino wanapenda mchezo wa mipira 15 ambao lazima ugonge kwanza namba ndogo kuliko zote zilizobaki mezani. Humo hakuna kuchagua mpira rahisi. Kabla hujapiga namba 3, uwe umeshajua mweupe utatua wapi kwa ajili ya namba 4. Reyes akajifunza pia mchezo wa kingo tatu, usio na mashimo, ambao hesabu ya kingo ndiyo kila kitu.

Hata hivyo, si yeye aliyefungua njia. Jose Parica, aliyezaliwa 1949, ndiye aliyetangulia Marekani na kuwaonyesha Waamerika kwamba Manila kuna watu. Mwaka 1985 Reyes naye akafika Houston, Texas, katika mashindano ya ukumbi wa Red's. Sifa zake zilikuwa zimeshavuka bahari, kwa hiyo akajiandikisha kwa jina la Cesar Morales, akatwaa ubingwa. Mwaka 1994 akawa mgeni wa kwanza kushinda US Open ya mipira 9.

Mwaka uliofuata, mjini Reno, alikutana na Mmarekani Earl Strickland wakiwa wamebakiza gemu moja tu la kuamua. Strickland alimfichia mpira namba 5. Reyes akaupeleka mweupe kwenye kingo mbili, ukachora herufi Z mezani, ukaigonga 5 nayo ikaingia shimoni. Wengi waliuita mpigo huo muujiza, na Reyes tayari alikuwa na jina la Mchawi. Mimi nauona kuwa mavuno ya ile hesabu ya kingo aliyoanza utotoni.

Ila ukoo haujengwi kwa mipigo mizuri peke yake. Katika pool mara nyingi hakuna refa mezani, wachezaji ndio waamuzi. Mwenye zamu hupiga. Mwenzake hukaa kitini, hatembei mbele ya macho ya mpigaji, wala hasemi neno. Akiona mpigo una utata, anaomba refa aitwe kabla haujapigwa, si baada ya kukosa. Faulo mchezaji huikiri mwenyewe. Adabu hii ndiyo mkongwe anayomrithisha chipukizi kabla ya kumfundisha kuvunja mipira, na asiyekuwa nayo hana atakayemkaribisha mezani mara ya pili.

Aliyeibeba adabu hiyo katika siku ngumu kuliko zote ni Francisco Bustamante, aliyezaliwa 1963 huko Tarlac, mwenzake Reyes wa safari nyingi. Mwaka 2002, akiwa Cardiff kwenye ubingwa wa dunia, aliletewa habari kwamba binti yake mchanga amefariki nyumbani. Akaendelea kucheza. Alifika fainali, akapoteza kwa Strickland 17 kwa 15. Kushindwa kule nakuheshimu kuliko ushindi mwingi. Ilimchukua miaka minane kulipata taji hilo, mjini Doha mwaka 2010.

Reyes na Bustamante walishinda pia Kombe la Dunia la wawili wawili, 2006 kule Wales na 2009 nyumbani Ufilipino. Katika mashindano hayo wenza hupiga kwa zamu, kwa hiyo mpira unaouacha ndio mwenzako anaoukuta. Ukipiga kwa tamaa ya kupigiwa makofi, mzigo unamwangukia yeye. Sijui shule nzuri zaidi ya kumfikiria mwenzio.

Nyuma yao likaja kundi zima: Ronnie Alcano, bingwa wa dunia 2006, Dennis Orcollo, na Carlo Biado, aliyewahi kubeba mifuko ya wacheza gofu kabla ya pool kumpa riziki. Biado akawa bingwa wa dunia 2017, akamshinda Mfilipino mwenzake, Roland Garcia. Mwaka 2021 alichukua US Open, miaka 27 baada ya Reyes, akiwa ametoka nyuma katika fainali. Julai 2025, mjini Jeddah, akamfunga Fedor Gorst 15 kwa 13 na kuwa bingwa wa dunia wa mipira 9 kwa mara ya pili.

Naye Reyes hakuwaachia vijana meza yote. Mwaka 2022, katika Michezo ya Asia ya Kusini Mashariki kule Hanoi, alishuka tena mezani akiwa na miaka 67, akaondoka na shaba.

Msomaji, ukipata nafasi ya kutazama pambano la Reno au la Cardiff, usimtazame mpigaji pekee. Mtazame pia aliyekaa kitini.